Vibao vya LaVonne

Jumanne, 12 Septemba 2023

Mkono leo: nafuu. Daktari wa mazoezi anataka niandike kidogo kila nikipata nafasi, kwa mkono wa kulia, hata kama mwandiko unatambaa kama mjusi mlevi. Haya, naandika. Daftari amelinunua LaVonne, la jalada la kijani, akaapa hatalifungua. Na hatalifungua. Mke wangu ana dosari zake lakini kuchungulia si mojawapo.

Kiharusi kilikuwa cha Machi. Kidogo, wanasema. Wao hakikuwapiga! Kidole cha shahada bado kizito, na hicho ndicho ninachokihitaji kuliko vyote. Huku kwetu ukipishana na mtu barabarani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hupungi mkono, hii si harusi. Kidole kimoja tu: nimekuona, jirani. Tangu Machi watu wananiinulia nami nawajibu kwa kutikisa kofia kama mwendawazimu.

LaVonne yuko Salina kwa dada yake aliyepasuliwa goti. Wiki nzima. Nakula mayai.

Habari kubwa ya nyumba hii ni kwamba mke wangu ni mgombea. Bodi ya shule, kiti kimoja, kura tarehe saba Novemba. Mpinzani wake ni Galen Rupp, muuza bima, meno meupe. LaVonne alijiandikisha tangu Juni bila kelele, kisha akarudi kwenye nyanya zake. Miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa shule yetu hapa Gessner. Nusu ya wapiga kura wamekuzwa na mikate yake ya mdalasini — ile ya Alhamisi, iliyoliwa pamoja na mchuzi wa maharage na nyama. Nani wa kumshinda?

Lakini hafanyi kampeni! Galen ana vibao vya plastiki kila kona. LaVonne hana hata kimoja.

Nina wazo.

Ijumaa, 15 Septemba

Wazo limekuwa kazi. Nimebomoa plaiwudi ya zizi la zamani la nguruwe, nikapata vibao ishirini na vinne. Chini rangi nyeupe. Juu yake herufi nyekundu, rangi iliyobaki tulipopaka ghala. Mstari wa kwanza: OKOA SHULE YETU. Wa pili: LaVONNE DECHANT.

Kila mtu anajua hicho ndicho kinachogombewa. Bodi inataka kufunga shule ya Gessner na kuwapeleka watoto wetu Brandt, maili thelathini na moja. Shule ambayo baba yangu alibeba matofali yake akiwa na miaka kumi na saba! Jina lake bado lipo, alilichora kwa msumari kwenye tofali karibu na mlango wa jiko: A. DECHANT 1937. Nimesoma pale mimi, kasoma binti yetu Kendra, na sasa anasoma Maisie, mjukuu wetu.

Nimemuuliza LaVonne? Sikumuuliza. Nyumba hii haiulizani mambo ya kura. Mama yake alituusia siku ya harusi, mwaka sabini na saba: kitanda kimoja, meza moja, kura mbili. Miaka arobaini na sita sijui alimpigia gavana gani, wala yeye hajui wangu. Lakini hili si la kuuliza. Mpishi wa shule atake shule ife?

Herufi za mwanzo ni aibu. O kama kiazi. Kufikia kibao cha kumi mkono ukaanza kunisikiliza. Kufikia cha ishirini nilikuwa napiga mluzi. Tangu Machi mkono huu haujafanya kitu cha maana — hata kufunga vifungo nafungwa. Delbert amekuja na nyundo. Ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na hajawahi kunywa kahawa bila mtu wa chumba cha pili kumsikia. Kesho tunavipanda.

Jumapili, 17 Septemba

Amerudi! Nilimngoja barazani nimevaa shati safi.

Kibao cha kwanza tumekipanda pale barabara kuu inapopinda kuingia kijijini. Delbert alikuwa pale kwa bahati (uongo, alijificha nyuma ya mtama ili amwone). Anasema LaVonne alisimamisha gari katikati ya njia. Akashuka. Akasimama mbele ya kibao muda wa kusali Baba Yetu tatu. Kisha akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka mwisho wa jina lake.

Nyumbani hakuzungumzia maneno yenyewe. Aliuliza tu kama ni mkono huu ulioandika. Nikasema ndio huu huu. Akaushika, akaugeuza, akaona rangi nyekundu kwenye kucha, akalia. LaVonne halii ovyo. Siku ya kumzika mama yake alikuwa anapanga sahani.

Nilijua atapenda, lakini si kiasi hiki.

Ijumaa, 22 Septemba

Mtama umeanza kuwa mwekundu. Na kidole kimeinuka! Nilikuwa naelekea duka la ushirika, Delbert akaja mbele yangu, kidole kikapanda chenyewe kutoka kwenye usukani. Delbert alipiga honi mpaka mwisho wa shamba la Wasinger. LaVonne amenipikia mikate ya kabichi na nyama kusherehekea. Nimekula mitano.

Mezani nikajisifu kwamba Maisie ni wa kwanza darasani. Akauliza, darasa la watu wangapi? Nikamwambia sijui, wa kwanza ni wa kwanza. Akaongeza haradali kwenye mkate wake.

Alhamisi, 28 Septemba

Kampeni ya nyumba kwa nyumba. Mimi naendesha, yeye anabisha hodi. Nakaa kwenye pikapu nimeshusha kioo nisikie.

Mke wangu si msemaji, ni mwulizaji. Wenye nyumba wanatembea naye hadi kwenye ua wakimweleza matatizo yao, na yeye anaitikia kama anaonja supu. Kwa akina Wasinger, mama mwenye nyumba alitaka kujua habari ya Jumatatu. Bodi inafikiria kufunga shule kila Jumatatu ili kupunguza mafuta ya mabasi. LaVonne akasema hatakubali. Akasema kwa miaka thelathini na moja Jumatatu alikuwa anaongeza sufuria moja, maana kuna watoto chakula chao cha mwisho kilikuwa cha Ijumaa mchana, na Jumatatu wanakula kama waliotoka kufunga.

Sufuria moja zaidi. Kila Jumatatu. Nami nilikuwa namuuliza kwa nini siku hiyo anarudi amechoka.

Nyumba nyingine wakauliza habari ya walimu. Bi Ochs anafundisha madarasa matatu chumba kimoja, na saa tisa na nusu alasiri anapanda kwenye usukani wa basi awarudishe watoto makwao. LaVonne alisema huyo amebebeshwa mzigo wa punda wawili na kupewa majani ya mmoja. Walicheka.

Kila mlango wanasema: tumeona kibao, tuko nyuma yako. Naye anashukuru huku akitazama viatu vyake. Haya! Mwanamke mnyenyekevu namna hii nilimpata wapi?

Njiani kurudi akasema, "Elroy, kuna jambo." Nikamwambia hata mimi nina jambo, njaa. Akacheka, akanipiga begani. Hakulirudia.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimeketi sebuleni, yeye yuko jikoni. Naandika kwa sababu sijui niuweke wapi mkono.

Leo jioni ulikuwa mkutano wa wagombea, ukumbi wa michezo wa shule. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Darasa la sita walikuwa wanauza mchuzi wa maharage na mikate ya mdalasini kuchangia safari yao — mikate ya kununua, migumu, Mungu awasamehe. Delbert alikuwa ametundika kibao changu kimoja ukutani, nyuma kabisa ya kiti cha LaVonne. Nilikaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimenyoa.

Maswali yaliandikwa kwenye kadi na Padri ndiye aliyeyasoma. La kwanza, simu darasani: wote wawili hawazitaki. La pili, Jumatatu: LaVonne akasimulia ile sufuria, na nikaona watu wazima wanainamisha vichwa, wale wale waliokuwa wanakula kama waliofunga. La tatu ndilo lililokuwa linangojwa. Mtaipigania shule ya Gessner ibaki wazi?

Galen alisema watalazimika kupitisha tingatinga juu ya mwili wake. Makofi! Hata mimi nilipiga moja, kwa mazoea.

Kisha LaVonne akavuta kipaza sauti.

"Hapana," alisema.

Nilidhani kipaza sauti kimekatika.

"Siwezi kuahidi hivyo. Mwaka nilioanza kazi nilipika chakula cha watoto mia mbili na kumi na wawili, jiko hilo hapo nyuma. Leo wako thelathini na wanane. Darasa la tatu wako watatu. Mkinichagua nitakubali waende Brandt, ila si kama magunia. Basi lisizidi dakika arobaini, hata kama itabidi mabasi mawili. Jiko la Brandt lipike, liache kufungua pakiti. Jumatatu ibaki. Na Bi Ochs apewe darasa moja, kama mwalimu yeyote."

Kule kwenye mchuzi kijiko kilianguka, na ukumbi mzima ukakisikia. Akageuka akakitazama kibao nyuma yake, kisha akanitazama mimi.

"Najua hiki kinasema nini. Si maneno yangu. Aliyekiandika anaipenda shule hii kuliko sisi sote, na nilishindwa kumwambia. Kosa ni langu, si lake."

Hakuna aliyepiga makofi. Galen Rupp mwenyewe alikuwa anatazama sakafu.

Tulirudi kwenye pikapu. Padri alikuwa ametupa mkate mmoja wa mdalasini kwenye karatasi. Ulikaa katikati yetu kwenye kiti mpaka nyumbani. Hakuna aliyeugusa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki tatu na zaidi nimelala kando ya mshindo huo nikikoroma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tumegombana. Saa tatu asubuhi, kahawa mkononi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza, nilipaka. Nikasema basi angesema ile Jumapili aliyorudi, kabla kijiji kizima hakijasoma.

"Jumapili ile nilikushika mkono," alisema. "Ulikuwa na joto, Elroy. Tangu Machi ulikuwa wa baridi. Ningekuambia nini?"

Nami nikajibu. Natamani ningekuwa na kifuniko cha mdomo. Nilisema bora mkono ungebaki umekufa kuliko kuchekwa wilaya nzima. Alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakiweka kwenye kamba yake, akatoka kwenda kwa kuku. Kuku walikuwa wameshapewa chakula. Nilikuwa nimewapa mimi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Vibao vinarudi. Kufikia saa sita mchana vilikuwa kumi na kimoja, vimeegemezwa langoni kama watoto waliofukuzwa darasani. Wengi waliviweka wakaondoka kabla sijafika. Mama Wasinger pekee alibisha hodi. Alileta chake pamoja na pai ya tufaha. Akasema kibao hawezi kukisimamisha tena, ila Bi LaVonne alimlisha miaka sita, asije akafikiri amesahau. Pai ni nzuri. Inaudhi.

Delbert anasema mke wangu ana haki, ila angenyamaza. Kibao chake bado kimesimama, anangoja amri yangu. Sina amri.

Mchana nilikwenda ushirika kuchukua chumvi ya ng'ombe. Pikapu tatu nilizopishana nazo, wenye nazo nawajua hadi majina ya mbwa wao. Niliinua kidole. Hakuna aliyeinua.

Sasa naandika lililobaki, kwa kuwa daftari hili halifunguliwi. Wakati wa kurudi, pale darajani, gari lililokuja mbele yangu lilikuwa la LaVonne. Alikuwa anatoka kubisha hodi, sasa anajiendesha mwenyewe. Akaniinulia kidole. Changu kilikuwa juu ya usukani, chepesi, kizima, kimepona. Nilikiacha palepale. Nikajifanya natazama mtama.

Mke wangu! Mtu asiye na jirani hata mmoja siku hiyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Hajasema chochote kuhusu daraja. Kahawa iko mezani kama kawaida, sukari ameshaikoroga. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 24 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya mababu na mabibi kula chakula cha mchana na wajukuu. LaVonne alikuwa Brandt, ameomba aonyeshwe jiko lao na kutembea na basi lao akiwa na saa mkononi. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Maisie alinipokea mlangoni kama mwenye hoteli. Meza yao ya darasa la tatu ilikuwa na sisi wawili. Nikauliza wenzake. Mmoja ana mafua. Mwingine wiki hii yuko kwa baba yake. Basi. Hilo ndilo darasa ambalo mjukuu wangu ni wa kwanza.

Chakula kilikuja kwenye kisanduku cha plastiki chenye karatasi ya kubandua. Kitu cha kahawia, kitu cha rangi ya chungwa. Kinaletwa na gari kutoka Brandt tangu LaVonne alipostaafu. Nilimuuliza Maisie ni nini, akasema Jumanne.

Baada ya kula alitoa drafti. Nilidhani anataka kucheza nami. Akapanga kete za pande zote mbili mbele yake, akaanza: mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Ndivyo anavyocheza kila siku, alisema. Nikamuuliza nani hushinda.

"Sare, babu. Haina raha. Kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini."

Nikakaa upande wa pili, tukacheza. Alinipiga mara tatu, na mara ya tatu alicheka mpaka Bi Ochs akageuka kutoka kwenye madarasa yake mengine kutazama kuna nini. Bi Ochs alikuwa ameshavaa koti la basi.

Kabla ya kuondoka nilizunguka nyuma. Jiko limefungwa. Nilichungulia dirishani: sufuria kubwa za LaVonne zimefunikwa kifudifudi, zote, hata ile ya Jumatatu. Kwenye mlango tofali la baba lipo. Nilitia kidole kwenye herufi zake. A yake imepinda kama zangu.

Bado sitaki ifungwe. Naandika wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Nilipokuwa darasa la tatu tulikuwa thelathini na mmoja na tulipigana kila siku na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Ndiyo shule ninayotaka kuiokoa. Sidhani kama iko ndani ya jengo lile.

Nilipofika nyumbani LaVonne aliniuliza Maisie hajambo. Nikasema hajambo. Nilitaka kuendelea. Nikauliza basi la Brandt lilichukua muda gani. Dakika hamsini na mbili, akasema, na dereva alikuwa anakimbia. Akaandika kwenye karatasi yake kwa hasira. Nampenda akiwa na hasira isiyo yangu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Baridi imekuja. Anaendelea kubisha hodi kila siku mpaka giza. Jana kuna waliozima taa ya baraza alipofika kwenye ngazi. Aliniambia mwenyewe, anavua soksi, kama anayesimulia habari ya mvua. Lakini kwa akina Leiker walimkalisha saa nzima, kwa sababu wana mapacha wa miaka minne na hakuna mwingine aliyewahi kuwauliza wanataka nini.

Nilimkanda miguu. Kwa mikono yote miwili. Hakuiondoa miguu.

Jumatatu, 6 Novemba

Kazi bandani siku nzima. LaVonne haingii bandani, ni sheria ya zamani, ngumu kama ile ya daftari.

Nilianza na vile kumi na kimoja. Baada ya chakula cha mchana Delbert akanisaidia kung'oa vilivyobaki barabarani, pamoja na chake. Viwili vilikuwa vimepigwa risasi za kuwindia ndege. Vyote ishirini na vinne nimevilaza juu ya meza na marobota ya nyasi, nikachukua rangi nyeupe, nikafuta mstari wa kwanza. OKOA SHULE YETU, kwa brashi pana, mara mbili ili nyekundu isichungulie. Jina lake nimeliacha. Ni uongo kuweka maneno hayo juu ya jina la mtu asiyeyasema, na niliyaweka mimi, na kuuliza si ujinga, na mjinga ni mimi.

Delbert akasema, kwa hiyo utampigia? Nikamwambia kufuta uongo ni jambo moja, kura ni jambo jingine. Akanyonya kahawa yake. Akasema ndiyo maana hakuoa.

Na ni kweli. Nikifumba macho namwona baba amebeba matofali. Nikiyafumbua namwona Maisie na mikono yake miwili. Sijui. Vibao vimeegemezwa ukutani vinakauka. Sijui hata kama nitavirudisha barabarani au nitavichoma.

Jumanne, 7 Novemba

Saa moja na nusu asubuhi. Meza ya jikoni. Kura zinapigwa kule kule ukumbini, milango imefunguliwa nusu saa iliyopita.

Amevaa koti la buluu, lile la mazishi na ubatizo. Begi liko mezani. Kwa kawaida tunakwenda kwenye gari moja, tunaingia kwenye vibanda viwili, tunarudi tukizungumza habari ya hali ya hewa. Miaka arobaini na sita. Nilikuwa nimeshavaa kofia.

Akaketi tena. Akavua glavu.

"Elroy, mama atanisamehe. Leo nakuuliza. Kura yako ni yako, lakini nikiingia mle ndani watu wote watanipa mgongo, na hilo nitaliweza. Nataka kujua tu kama nitakuwa peke yangu. Utanipigia?"

Nimevuta daftari na kalamu, mbele ya macho yake, jambo ambalo sijawahi kufanya. Naandika ili nipate neno.

Anangoja. Hachungulii. Anatazama mkono.

Ameuliza hiyo kwenye kidole gumba ni nini. Nimesema rangi. Ameuliza rangi gani, na nimesema nyeupe. Amegeuza uso akatazama dirishani, kule bandani, kisha akarudi kwenye kidole. Shingo yake imekuwa nyekundu.

Nikisema ndiyo, nitakuwa nimetoa tofali la baba. Nikisema siri ya kura, nitakuwa nimempita darajani mara ya pili. Kalamu haisaidii. Kahawa imeota ngozi.

Nimeinua kidole. Kimoja, kutoka kwenye kalamu, kama njiani. Amekiona. Mkono wake uko juu ya begi na haujasogea. Ana haki, nilimfanya angoje tangu Oktoba. Ndiyo maana mwandiko huu umepinda hivi, naandika kwa vidole vilivyobaki. Kile kimoja bado kiko juu.